Mtaalamu wa kuaminika ni yule anayeweza kukwambia ‘hapana’

Vijana wa mjini wanaelewa uwezekano kuliko wanavyodhani. Ukiona timu imewekewa 1.20 kwenye mkeka, unajua hiyo ni kali, lakini unajua pia inaweza kufungwa. Ikifungwa tunalia, tunamlaumu kipa, tunaendelea na maisha. Sijawahi kusikia msee akisema kwamba kwa sababu mkeka umechanika, basi mpira wenyewe ni uongo.

Sasa mtu huyo huyo akisikia Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imesema kuna uwezekano mkubwa wa mvua kuzidi kawaida, anataka jibu moja tu: itanyesha ama haitanyesha? Jumanne ikipita kavu, basi hao watu wanabahatisha. Vichekesho vinaanza mtandaoni. Wakisema mvua, anika nguo. Wakisema jua, beba mwavuli. Tunacheka, na kusema kweli vingine vinachekesha. Lakini kicheko hicho kina bei, na walioilipa ni watu wa Garissa, Tana River, Mathare na Mai Mahiu.

Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa chochote. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, na sayansi yangu ya darasani inaishia kidato cha nne. Kwa hivyo siko hapa kuwatetea watu wa majoho. Swali langu ni la mtu wa kawaida: kama siwezi kukagua hesabu za mtaalamu, nitajuaje kama ni wa kuaminika? Na mbona kwa suala la tabianchi, nawaamini hawa wanaosema binadamu ndiye ameipasha dunia joto?

Tuanze na Oktoba 2023, kwa sababu wengi tunaikumbuka. Kabla msimu wa mvua za vuli kuanza, wataalamu wetu walikuwa wameonya kuhusu El Nino. Serikali ikaanza kujipanga, kaunti zikataja bajeti. Kisha Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba wataalamu sasa wanasema hakutakuwa na El Nino, ni mvua kubwa tu ambayo haitafika kiwango cha kuleta maafa. Idara yenyewe ikaendelea kusisitiza kuwa hali ya El Nino ipo na mvua itazidi ya kawaida. Mitaani, watu walishika lile la kwanza. Nani hataki kusikia kwamba balaa limepita?

Halafu Novemba ikafika. Zaidi ya watu 100 walikufa nchini, mamia ya maelfu wakahama makwao, barabara za kaskazini mashariki zikakatika, mifugo iliyonusurika ukame ikasombwa na maji. Hapo tena nikaona mtandaoni watu wakiuliza mbona hawakuambiwa. Jamani, tuliambiwa. Tulikuwa na sauti mbili, moja ya watu wanaopima bahari na moja ya siasa, na tukachagua ile iliyotupendeza.

Hata hivyo sitaki tuamini wanasayansi kwa sababu tu wanasiasa wametuangusha. Hiyo itakuwa kutoka kwa mganga mmoja kwenda kwa mwingine. Twende kwenye rekodi.

Kuna kundi la watafiti linaloitwa World Weather Attribution. Kazi yao ni hii: ukame au mafuriko yakitokea, wanauliza kama ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu limechangia, na kwa kiasi gani. Wanalinganisha dunia ilivyo sasa na dunia ambayo ingekuwepo bila joto hilo. Mmoja wa wanaoongoza tafiti hizo kwa upande wetu ni Joyce Kimutai, Mkenya aliyefanya kazi katika idara yetu ya hali ya hewa kabla ya kwenda Imperial College London. Ni mtu wa huku, si mzungu asiyejua Turkana iko wapi.

Angalia majibu yao kwa matukio matatu tuliyopitia sisi wenyewe.

Kwanza, ule ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa 2020, uliotuletea misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, hadi taifa likakusanyika Nyayo Februari 2023 kuombea mvua. Walisema mabadiliko ya tabianchi yalifanya ukame wa aina hiyo uwe na uwezekano wa kutokea angalau mara 100 zaidi. Sababu kubwa ilikuwa joto, ambalo linakausha udongo na mimea haraka kuliko zamani.

Pili, mvua za Oktoba hadi Desemba 2023. Walisema tabianchi iliongeza ukubwa wake, pengine hadi mara mbili, lakini wakataja pia hali ya joto katika Bahari ya Hindi iliyokuwa inasukuma mvua kuja kwetu wakati huo.

Tatu, mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yale yaliyoua zaidi ya watu 250. Hapa ndipo niliposhtuka. Ungedhani wangesema tabianchi ndiyo imetuua, kwa herufi kubwa. Walichosema ni kwamba mvua ilikuwa kali zaidi kwa takriban asilimia 5, na kwamba hata hiyo namba ina wasiwasi mkubwa ndani yake kwa sababu mifano yao ya kompyuta haikukubaliana vizuri. Wakaongeza kwamba tatizo kubwa ni miji inayokua haraka bila mpango, na watu maskini kusukumwa kuishi kando ya mito.

Hebu fikiria. Mara 100, mara mbili, asilimia 5 na shaka juu. Kama hawa watu wangekuwa wanauza hofu ili wapate pesa, wangekuwa na jibu moja kwa kila msiba. Mafuriko? Tabianchi. Ukame? Tabianchi. Nzige? Tabianchi. Mchuuzi wa dawa inayotibu kila ugonjwa hajawahi kukwambia, “hii haitakusaidia sana.”

Na kuna mfano mkali zaidi. Mwaka 2021, kusini mwa Madagascar kulikuwa na njaa mbaya baada ya miaka miwili bila mvua ya kutosha. Dunia nzima, hata mashirika makubwa ya misaada, ilikuwa inaiita njaa iliyoletwa na mabadiliko ya tabianchi. Ilikuwa hadithi tamu kwa wanaharakati. Mwezi Desemba mwaka huo, watafiti hawa hawa wakatoka wakasema hapana, data yetu haionyeshi hivyo. Mchango wa tabianchi, kama upo, ni mdogo. Walisema umaskini na mvua inayobadilika kwa kawaida yake ndiyo yalikuwa maelezo makubwa.

Hapo ndipo mimi husimama. Mtaalamu wa kuaminika ni yule ambaye amewahi kukwambia hapana wakati ndiyo ingempa sifa. Digrii ukutani haitoshi. Kuna daktari mwenye digrii anayeuza dawa feki, na kuna fundi wa redio ambaye hajawahi kukanyaga chuo lakini akikwambia “hii imekufa, usitupe pesa yako,” unajua umefika kwa mtu. Alikuwa na nafasi ya kukukula na hakukukula. Hiyo ndiyo rekodi.

Kutoka hapo naweza kurudi kwenye swali kubwa, lile la kama ni binadamu kweli. Maana mtaani hoja ni ile ile: hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu Adamu, mbona tulaumiwe sisi?

Ni kweli imekuwa ikibadilika. Wanaotuambia hivyo ni wanasayansi hao hao, baada ya kuchimba barafu ya Antaktika na kupima viputo vya hewa ya kale vilivyonaswa humo. Huwezi kuamini kipimo chao cha miaka 800,000 iliyopita kisha ukikatae cha juzi. Na kipimo chenyewe kinasema hivi: kwa miaka hiyo yote 800,000, gesi ya kaboni dayoksaidi haikuzidi sehemu 300 kwa kila milioni moja ya hewa. Charles Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Sasa imepita 420.

Na tunajuaje imetoka kwenye mafuta na makaa ya mawe? Kwa sababu kaboni ina alama. Kuna aina moja, kaboni-14, ambayo hutengenezwa angani na kupungua polepole. Nusu yake hutoweka kila baada ya miaka takriban 5,700. Mti uliokatwa jana unayo. Mafuta yaliyokaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka hayana hata chembe. Kadri tunavyoyachoma, kiwango cha kaboni-14 hewani kinashuka kwa sababu kinachanganyika na kaboni iliyozeeka. Ni kama kuongeza maji kwenye chai. Hata kama hukuona nani amemimina, ladha itakwambia. Volkano nazo? Zote za dunia kwa mwaka hutoa sehemu ndogo sana ya kile ambacho binadamu hutoa.

Basi pengine ni jua? Kama jua ndilo linalozidi kuwaka, tabaka za juu za angahewa zingepata joto pamoja na za chini. Vipimo vinaonyesha huku chini kunapata joto na kule juu kunapoa. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa kama joto linazuiwa huku chini na gesi. Mtu akikufunika blanketi, wewe unapata joto, si hewa iliyo juu ya blanketi.

Na hii sio habari ya leo. Eunice Foote, mwanamke Mmarekani, alionyesha mwaka 1856 kwamba chombo chenye gesi hii hupata joto zaidi kikiwekwa juani. Mwaka 1896, Svante Arrhenius wa Uswidi alikuwa tayari amekaa chini akapiga hesabu ya dunia itaongeza joto kiasi gani gesi hiyo ikiongezeka. Wakati huo Nairobi haikuwepo, ilikuwa bado kinamasi kinachosubiri reli. Kwa hivyo yule anayesema stori ya tabianchi ilibuniwa na wanasiasa wa kijani miaka ya juzi amechelewa zaidi ya karne moja.

“Lakini wanalipwa.” Hii ndiyo hoja ninayoisikia zaidi, na siipuuzi, kwa sababu kijana wa Kenya amefundishwa na maisha kuuliza nani anakula. Ni swali zuri. Basi tuliulize hadi mwisho. Kampuni ya mafuta ya Exxon ilikuwa na wanasayansi wake, waliolipwa na pesa ya mafuta. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiria ndani ya kampuni jinsi dunia itakavyopata joto. Mwaka 2023 watafiti walilinganisha makadirio hayo na kilichotokea, wakachapisha katika jarida la Science: mengi yalikuwa sahihi. Wakati huo wote, kampuni ilikuwa inawaambia watu hadharani kwamba sayansi hiyo ina shaka nyingi. Kwa hivyo ukifuata pesa, unafika kwa watu waliojua ukweli na kulipia shaka. Hata mwanasayansi anayelipwa na mafuta, akipima kwa uaminifu, alipata jibu lile lile.

Kuhusu wale wengine, jopo la Umoja wa Mataifa linaloitwa IPCC, ripoti yao ya 2021 ya sayansi iliandikwa na waandishi 234, wakapitia tafiti zaidi ya 14,000, na wakajibu maoni ya ukosoaji zaidi ya 78,000. Maoni 78,000! Mimi nikipata maoni kumi mabaya chini ya makala nafunga simu. Ripoti hiyo ndiyo iliyosema waziwazi, bila “pengine”, kwamba binadamu ameipasha dunia joto. Na jopo hilo si la mbali sana. Viongozi wake wa sasa walichaguliwa hapa Gigiri, Julai 2023.

Sasa kuna upande mwingine ambao ni lazima niuseme, la sivyo nitakuwa nafanyia watu kazi. Neno “binadamu” linaficha mambo. Ni binadamu gani? Kenya inatoa chini ya asilimia 0.1 ya kaboni dayoksaidi ya dunia inayotokana na mafuta na makaa ya mawe, na karibu asilimia 90 ya umeme wetu unatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Mama mboga wa Kawangware anayepikia makaa hajaileta dunia hapa. Kwa hivyo mtu akikasirika anapohubiriwa kuhusu tabianchi na watu walioshuka kwenye ndege, namwelewa. Lakini hasira hiyo ni hoja kuhusu nani alipe. Si hoja kuhusu kama joto lipo. Na huwezi kudai fidia ya ajali huku unasema ajali haikutokea.

Upande wa pili wa neno hilo uko hapa nyumbani. Tangu wanasiasa wetu wajifunze neno tabianchi, limekuwa mwavuli wao. Mtaro umeziba kwa sababu kanjo hajauzibua, wanasema ni tabianchi. Mtu amepewa kibali cha kujenga gorofa juu ya njia ya maji, maji yakirudi kudai njia yake, ni tabianchi. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli huko Mai Mahiu yalipasua na kusomba nyumba na watu waliolala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Maelezo ya serikali yenyewe ni kwamba njia ya maji chini ya reli ilikuwa imeziba kwa matope, mawe na miti. Asilimia 5 ya mvua haikuziba ile njia.

Na mjini, baada ya Mathare kufurika, serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, kisha tingatinga zikaja. Zilikuja baada ya mafuriko, sio kabla. Vijana wa rika langu walipoteza godoro kwa maji na keja kwa tingatinga ndani ya wiki chache.

Ndiyo maana nasema sayansi ya kweli ni silaha ya mnyonge. Asilimia 5 ni namba inayomuumiza mwanasiasa. Anayekataa kabisa kwamba binadamu anabadilisha hali ya hewa, na yule anayelaumu tabianchi kwa kila kitu, wote wawili wanamkimbia mtu mmoja: mwenye kipimo. Wa kwanza hataki kuambiwa kuna tatizo. Wa pili hataki kuambiwa ni kiasi gani cha tatizo ni chake.

Wanasayansi nao wana makosa yao, na tuwaambie. Utabiri wa msimu bado unatoka kwa lugha ambayo inahitaji mtu wa kuitafsiri, “juu ya kiwango cha kawaida” bila kumwambia mtu wa Mukuru maana yake kwa mlango wake. Vituo vya kupimia mvua barani Afrika ni vichache, na hiyo ni sababu moja ya majibu kuhusu kwetu kuja na shaka zaidi kuliko ya Ulaya. Lakini dawa ya kipimo hafifu ni kipimo bora zaidi, sio video ya dakika moja ya jamaa mwenye maikrofoni.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii ukiwa kwa mat, na huna muda wa ripoti ya kurasa elfu, jiulize maswali matatu kabla hujamwamini mtu. Je, alisema mapema, kwa namba, ili akikosea aonekane? Je, kuna watu wanaopata sifa kwa kumkosoa, na anawajibu? Je, amewahi kuwaudhi watu wa upande wake kwa kusema hapana? Mtu wa TikTok anayekwambia tabianchi ni njama ya kuizuia Afrika kupata maendeleo, mpitishe hapo. Mwanaharakati anayesema dunia inaisha kesho, mpitishe hapo. Gavana wako, mpitishe hapo pia. Nami nipitishe.

Kisha msimu ujao utabiri ukitoka, usome kama unavyosoma mkeka. Ukiona uwezekano wa mvua kubwa ni zaidi ya nusu, hiyo sio ahadi, ni onyo la mtu aliyepima. Uliza diwani wako mtaro wa kwenu utazibuliwa lini, na umuulize kabla ya tone la kwanza. Akikujibu kwamba hata watu wa hali ya hewa huwa wanakosea, mwambie kwamba wao angalau huandika walichokisema.